MGB Ujerumani: Bodi Kwanza, Karatasi Pili, Injini Mwisho

Kama unaishi Ujerumani na moyo wako umeangukia gari la spoti la Kiingereza la zamani, ushauri wangu ni uanze na MGB. Jaguar E-Type inavutia macho zaidi, na Austin-Healey 3000 ina mngurumo unaosikika mtaa wa pili, lakini bei zake zinataka mfuko mzito. MGB ni gari la mtu wa kipato cha kawaida, na ndivyo lilivyokusudiwa tangu mwanzo. Kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, kilitoa zaidi ya magari 500,000 ya aina hii kati ya 1962 na 1980: ya wazi yenye turubai, na yale ya paa la bati yanayoitwa GT. Wingi huo ndio unaomwokoa mmiliki wa leo. Ni nadra kukosa spea, kuanzia skrubu ya taa hadi bodi nzima, kwa kuwa British Motor Heritage ilianza mwaka 1988 kutoa upya bodi za MGB kwa kutumia kalibu za zamani.

Ushauri wote uliomo humu unafuata mpangilio mmoja: bodi kwanza, karatasi pili, injini mwisho. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Wanawasha injini, inanguruma vizuri, wanalipa. Injini ya MGB ni chuma cha kusubu chenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, haina makuu, na fundi mwenye subira anaishusha na kuifungua yote kwa zana za kawaida. Ikichoka, unaifanyia ovahoo, basi. Bodi iliyooza inaweza kula fedha kuliko thamani ya gari lenyewe. Na gari lisilo na karatasi halitoki getini Ujerumani hata likiwa zuri namna gani.

Gari la mwaka gani

Hadi 1974 MGB lilikuwa na bampa za kromu. Baada ya hapo, ili litimize sheria za Marekani, liliwekewa bampa nene nyeusi za mpira na bodi ikainuliwa karibu sentimita 4. Hayo ya bampa za mpira huyumba zaidi kwenye kona, na bei yake iko chini. Kama unapenda kuendesha kuliko kuonyesha watu, chukua la mpira lenye bodi nzima, uliache la kromu lililooza. Kimo kinaweza kushushwa baadaye kwa njia halali.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, tafuta lililotengenezwa kati ya 1968 na 1974. Magari ya mwanzo kabisa yana krenkishafti inayokaa juu ya beringi tatu. Kuanzia mwisho wa 1964 zikawa tano, na injini ikawa tulivu na imara zaidi. Mwishoni mwa 1967 yakaja mabadiliko mengine makubwa kwa pamoja: gia namba moja ikaingia bila kukwaruza hata gari likiwa linatembea, dinamo ikapisha alteneta, na umeme uliokuwa umefungwa chanya kwenye bodi ukageuzwa kuwa hasi kama magari ya leo. Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Ukifunga redio au kifaa cha kielektroniki cha leo kwenye gari la 1965 bila kujua kwamba chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, unakiunguza papo hapo.

Uliza pia kama gari lina ovadraivu, ile gia ya ziada inayoendeshwa kwa swichi ya umeme, iliyotengenezwa na Laycock. Kwenye barabara za Ujerumani si anasa. Bila hiyo, ukienda kilomita 110 kwa saa kwenye Autobahn injini inazunguka karibu mara 3,800 kwa dakika. Ukiiwasha, mizunguko inashuka hadi karibu 3,100, na mnaweza kuzungumza ndani ya gari bila kupaza sauti. Gari lenye ovadraivu inayofanya kazi linastahili bei ya juu kidogo. Kuifunga baadaye ni kushusha injini na giaboksi.

Kuhusu la wazi na GT, najua wengi wanataka turubai. Mimi ningechukua GT. Paa lake linaongeza uimara wa bodi, halivujishi sana, linabeba mizigo ya safari, na kwa kawaida bei yake ni ya chini. Oktoba ikifika bado utakuwa unaliendesha.

Kukagua bodi

MGB halina chasi iliyo peke yake. Bodi ndiyo chasi. Nguvu zake zote, hasa za lile la wazi, ziko kwenye vizingiti viwili vilivyo chini ya milango. Kizingiti kimoja kimejengwa kwa tabaka za bati: la nje unaloliona, la ndani upande wa miguu, na ukuta wa katikati usioonekana kabisa. Maji ya barabarani yenye chumvi hurushwa na magurudumu ya mbele, huingia nyuma ya mbawa, hujikusanya humo na kula bati kutoka ndani kwenda nje. Unapoona kutu kwa nje, ndani kumeshakwisha zamani.

Kuna wauzaji wanaobandika bati jipya la nje juu ya ukuta uliooza, wakapaka rangi, wakaandika kwenye tangazo kwamba vizingiti ni vipya. Ili usidanganywe, nenda na sumaku iliyofungwa kitambaa, tochi na jeki. Sumaku isiposhika chini ya mbawa za mbele au kwenye tao la gurudumu la nyuma, hapo kuna puti. Halafu tazama mwanya kati ya mlango na bodi upande wa nyuma: unapaswa kuwa na upana uleule juu hadi chini. Sasa weka jeki kwenye kishikio chake cha asili pembeni ya gari, inua hadi magurudumu ya upande huo yaache ardhi, na uutazame mwanya tena. Ukiwa umebadilika, au mlango ukifunguka kwa shida ilhali mwanzoni ulifunguka vizuri, gari linapinda katikati. Usijadili bei. Aga, uondoke.

Likipita mtihani huo, ingia chini. Angalia mahali maspringi ya majani ya nyuma yanaposhikwa na bodi, sakafu ya buti, na visanduku vya betri nyuma ya viti. Hadi 1974 MGB lilikuwa na betri mbili za volti 6 zilizoning'inia chini ya sakafu, na asidi yake imekula visanduku vingi. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, utasikia pampu ya mafuta huko nyuma ikigonga kwa haraka, kisha itulie kabureta zikishajaa. Ikiendelea kugonga bila kutulia, mafuta yanavuja mahali fulani, na hilo lishughulikiwe kabla ya jingine lolote.

Kununua ng'ambo

MGB nyingi ziliuzwa Marekani, na katika miaka mingi iliyopita zimekuwa zikirudi Ulaya. Zinazotoka majimbo makavu kama Arizona na California huwa na bati safi, ila jua limezipasua dashibodi, mipira na viti. Biashara hiyo ni nzuri, kwa sababu viti vinashonwa kirahisi kuliko kizingiti kinavyojengwa. Zinazotoka Uingereza ni za jirani na unaweza kwenda kuziona mwenyewe, lakini zimeishi kwenye mvua na chumvi, na usukani uko kulia. Usukani wa kulia unaruhusiwa Ujerumani, nasi tuliojifunzia udereva Afrika Mashariki hautushangazi. Tabu yake ni pale unapotaka kulipita lori kwenye barabara ya njia mbili, maana huoni mbele bila abiria wa kukuambia.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 Uingereza iko nje ya forodha ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo gari la huko linatozwa kama la Marekani. Gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi, ambalo aina yake haitengenezwi tena na ambalo bodi, usukani, breki na injini yake havijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, linaweza kuingizwa kama kitu cha wakusanyaji chini ya namba ya ushuru 9705. Hapo ushuru ni sifuri na kodi ya uingizaji ni asilimia 7. Likikataliwa, ushuru wa kawaida wa gari ni asilimia 10, na juu yake kodi ya asilimia 19. Fanya hesabu hiyo kwa gari la euro 15,000 uone tofauti. Ndiyo maana gari lililobadilishwa mno huko lilikotoka linaweza kukugharimu mara mbili: forodhani, halafu kwa mkaguzi wa gari wakati wa usajili. Omba forodha ikupe hati ya kuthibitisha kwamba kodi zimelipwa. Ofisi ya usajili itaidai.

Karatasi

Namba yenye herufi H mwishoni, H-Kennzeichen, ilianzishwa mwaka 1997. Masharti yake ni matatu: gari liwe limetimiza miaka 30 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, liwe limetunzwa vizuri, na kwa sehemu kubwa liwe katika hali yake ya asili. MGB zote zimeshavuka umri huo. Wahandisi wa mashirika ya ukaguzi wa magari, TÜV, DEKRA, GTÜ na KÜS, wanaweza kukuandikia ripoti ya tathmini inayohitajika.

Faida yake ni ya fedha na ya uhuru pia. Kodi ya barabara kwa namba ya H ni euro 191.73 kwa mwaka, injini iwe ndogo au kubwa. MGB hilohilo lenye namba ya kawaida, bila kichujio cha moshi, linaweza kutozwa zaidi ya euro 450. La pili ni kwamba miji mingi ya Ujerumani ina maeneo ambamo magari yasiyo na kibandiko cha kijani hayaruhusiwi kuingia. Gari lenye H limesamehewa. Tangu 2017 unaweza kuunganisha H na namba ya msimu, ukasajili gari kwa mfano kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kodi ikapungua kwa miezi ambayo gari limelala. Wapo wanaopenda namba nyekundu inayoanza na 07, ambayo humruhusu mkusanyaji kutumia kibao kimoja kwa magari kadhaa, lakini matumizi yake ni ya kwenda kwenye maonyesho, majaribio na matengenezo. Kwa mtu mwenye gari moja anayetaka kwenda nalo sokoni Jumamosi, H inatosha na inazidi.

Gari lisilowahi kusajiliwa Ujerumani litahitaji pia ukaguzi kamili wa gari moja moja, unaoelezwa katika kifungu cha 21 cha kanuni za StVZO. Hapo karatasi za asili zina uzito mkubwa. Jumba la makumbusho la British Motor Museum huko Gaydon hutoa cheti kutoka kwenye daftari za kiwanda kinachoonyesha tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza, namba ya injini na nchi gari lilikopelekwa. Kiagize siku unayonunua gari. Siku ya usajili, peleka hati ya umiliki ya nchi lilikotoka, mkataba wa mauzo, hati ya forodha, ripoti za ukaguzi, kitambulisho, namba ya bima, na idhini ya kukatwa kodi benki. Ikikosekana moja, unarudi nyumbani.

Kuna mambo madogo ambayo mkaguzi hayaachi. Taa za mbele za gari la Uingereza huinamisha mwanga upande wa kushoto, yaani huwapiga machoni wanaokuja, kwa hiyo lazima zibadilishwe. Taa za Marekani zilizozibwa kama balbu moja hazina alama ya Ulaya, nazo zinatoka. Matairi yanaangaliwa umri: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT pembeni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, na tairi la miaka 20 lenye kashata nzuri bado ni hatari kwenye lami yenye maji. Mikanda ya viti hailazimishwi kwa gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya tarehe 1 Aprili 1970, lakini ninakusihi uifunge. Mtoto wa chini ya miaka mitatu haruhusiwi kabisa kupanda gari lisilo na mikanda.

Mahali pa kufanyia kazi

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, maana Ujerumani haina gereji bubu. Huwezi kumwita fundi chini ya mwembe, ukakaa naye siku nzima. Kumlipa mtu kwa kazi ambayo haijatolewa taarifa ni kosa la kisheria, kumwaga oili uani ni kosa jingine, na kupiga nyundo Jumapili kutaleta majirani mlangoni kabla ya saa sita. Gereji ya kupanga mara nyingi ni ya kuegesha gari tu. Soma mkataba kabla hujaleta mashine ya kuchomelea.

Suluhisho ni karakana za kujihudumia, Selbsthilfewerkstatt, ambazo zipo katika miji mingi: unalipia nafasi, unapata lifti na zana, na mara nyingi kuna fundi wa kuuliza. Nunua seti yako ya spana za inchi, kwa sababu MGB lina nati za inchi na spana ya milimita 13 itakula kona za nati ya nusu inchi hadi isishikike tena. Saizi utakazoshika kila siku ni 7/16, 1/2 na 9/16. Kwa spea, Limora ni duka kubwa la Kijerumani la magari ya Kiingereza, na soko la Veterama la Mannheim kila Oktoba lina mitumba ya kila namna. Jiunge na MG Car Club Deutschland. Mzee mmoja wa klabu aliyefungua giaboksi hizi miaka 40 atakufaa kuliko vitabu vitatu.

Kwenye bodi, kazi ina utaratibu usiovunjwa. Usikate vizingiti vyote viwili kwa wakati mmoja. Kabla ya kukata hata kimoja, chomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango usitanuke wala kubana, na tegemeza gari mahali ambapo uzito unakaa kama lilivyo likiwa juu ya magurudumu yake. Mlango ubaki umefungwa kwenye bawaba zake muda wote, ili kila baada ya ponti chache za kuchomelea uufunge na kupima mwanya. Kukiwa sawa, endelea. Kukiwa kumehama hata milimita tatu, simama, tafuta sababu. Ukimaliza, jaza ndani ya vizingiti kinga ya kutu. Mimi napendelea grisi ya Mike Sander, inayochemshwa hadi iwe maji na kupulizwa ndani kwa bomba. Siku za joto huyeyuka kidogo na kuingia kwenye mishono ambayo dawa nyingine haifiki. Sakafu ya gereji itachafuka kiangazi cha kwanza, na bati litabaki zima miaka mingi.

Injini na kabureta

Petroli yenye risasi haiuzwi tena, na kichwa cha silinda cha zamani kilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu za ekzosi. Siku ukishusha kichwa kwa sababu yoyote ile, fundi mashine akutilie viti vigumu. Kwenye kituo cha mafuta, acha E10: ina hadi asilimia 10 ya pombe, ambayo hulainisha mipira ya zamani na kuyeyusha uchafu uliolala kwenye tangi. Weka Super Plus, na hata hivyo badilisha mipira yote ya mafuta kwa ile ya kisasa inayostahimili pombe, kwa sababu mpira uliopasuka juu ya ekzosi ya moto ndio unaoteketeza magari haya. Oili iwe 20W-50 ya madini yenye zinki ya kutosha, siyo ile nyepesi ya magari ya leo.

Kabureta mbili za SU zinatisha watu bure. Shida nyingi zinazosingiziwa kabureta hutoka kwenye plagi, muda wa kuwasha, au nafasi za valvu, kwa hiyo vipime hivyo kwanza. Kisha pasha injini moto kabisa. Chukua mpira mwembamba, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, halafu ya pili. Mfoko wa hewa uwe na sauti moja, na kama haulingani, rekebisha skrubu za mwendo hadi ulingane. Baadaye inua pistoni ya kabureta kwa milimita moja hivi kwa kile kipini kilicho chini yake, usikilize. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ikizubaa na kutaka kuzima, mafuta ni haba. Ikiongeza kidogo sana na kurudi palepale, acha, ndipo hapo. Mwishowe fungua kofia nyeusi juu ya kila kabureta na ujaze oili nyembamba. Ikikauka humo, gari linasita kila ukikanyaga.

Magari yaliyosajiliwa kabla ya tarehe 1 Julai 1969 hayafanyiwi kipimo cha moshi. La baada ya hapo linapimwa, na kabureta zilizopangwa kwa sikio namna hii kwa kawaida huwa karibu sana na kinachotakiwa, zikabaki robo zamu tu mbele ya mashine ya mkaguzi.

Usisahau sehemu ya mbele. MGB linageuza magurudumu kwa kingipini zenye nipeli za grisi, na kitabu cha kiwanda kinataka zipigwe grisi kila maili 3,000, karibu kilomita 5,000. Piga gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yananing'inia, la sivyo grisi haifiki panapobeba uzito. Kingipini kavu inakwisha haraka, na kuibadilisha ni kazi ya siku nzima.

Kulibadilisha kwa njia halali

Kanuni ya H inaruhusu mabadiliko ya zama zake: yale yaliyofanywa, au yaliyowezekana kufanywa, ndani ya miaka kumi ya kwanza ya gari. Kwa MGB hii ni neema, kwa sababu lilishindanishwa tangu mwanzo. Lilishinda daraja la GT katika mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, na mwaka 1966 lilishinda Marathon de la Route, saa 84 za kuzunguka Nürburgring hapahapa Ujerumani. Idara ya Special Tuning ya Abingdon iliuza kwa mtu yeyote kamshafti kali, kabureta za Weber, breki na springi za mashindano, na kuchapa vijitabu vyenye orodha yake. Tafuta vijitabu hivyo. Ukimwekea mkaguzi mezani ukurasa wa wakati ule wenye namba ya kifaa unachotaka kufunga, mazungumzo yanabadilika.

Nenda kwa mkaguzi kabla ya kununua kifaa, usiende baada ya kukifunga. Kubadilisha rimu, springi, usukani, ekzosi au injini bila kuandikishwa kwenye hati ya gari kunaweza kufuta kibali cha gari kutembea barabarani, na baada ya ajali bima itakuwa na hoja dhidi yako. Wakaguzi hawafanani; yuko anayejua rimu za Minilite za zama zile kwa kuziona tu, na yuko atakayetaka cheti cha kila rimu. Ukimpata anayeyajua magari haya, mshike.

Mabadiliko ninayoyatetea ni yale yasiyoonekana na yanayoweza kurudishwa. Pointi za zamani ndani ya distribuita zipishe mfumo wa kielektroniki. Feni ya umeme isaidie foleni za kiangazi. Taa zipitishiwe rile ili swichi ya Lucas isiungue. Waliokulia karibu na Land Rover za zamani wanaijua Lucas na swichi zake. Gari lenye breki za mzunguko mmoja lipewe mizunguko miwili, ili bomba moja likipasuka usibaki bila kitu. Giaboksi ya gia tano ni raha kubwa, lakini muulize mkaguzi kwanza kama ataliacha gari na H. Kila kifaa cha asili unachokitoa, kifunge kwenye gazeti, kiandike, kiweke darini pamoja na picha za kazi. Atakayelinunua gari baadaye atalipia sanduku hilo.

Kuhusu Weber, mimi nasema acha SU. Kwa barabara ya kawaida utapata sauti nzuri, matumizi makubwa ya mafuta, na kazi mpya ya kutafuta jeti. Kuhusu injini ya V8 ya Rover, Ken Costello aliifunga kwenye MGB mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kiwanda chenyewe kikatoa GT V8 kati ya 1973 na 1976, kwa hiyo historia ipo. Lakini ongezeko la nguvu kiasi hicho litamfanya mkaguzi adai breki, ekseli na hati zinazolingana. Aliye na fedha za kufanya hivyo sawasawa ni afadhali anunue V8 ya kiwandani.

Bima na kipupwe

Kampuni za bima za magari ya zamani hutoza kidogo, lakini nyingi zinataka uwe na gari jingine la kila siku, uegeshe mahali pa kufungwa, na usivuke idadi fulani ya kilomita kwa mwaka. Zitaomba pia tathmini ya thamani yenye daraja la hali, kuanzia 1 hadi 5. Daraja la 3 huwa ndilo la chini linalokubalika. Irudie tathmini kila baada ya miaka michache, na hasa baada ya kazi kubwa, kwa sababu kampuni hulipa kwa kufuata karatasi iliyo nayo.

Chumvi ikianza kumwagwa barabarani, liweke ndani. Osha chini ya gari, likauke. Jaza tangi ili unyevu usipate nafasi, badilisha oili sasa badala ya mwezi wa nne, kwa kuwa oili chafu ina asidi inayokaa miezi mitano juu ya beringi. Hakikisha maji ya rejeta yana dawa ya kuzuia barafu. Toa betri, jaza matairi upepo kuliko kawaida, na usivute breki ya mkono, maana viatu vya breki hugandamana na ngoma. Aprili, kabla ya kuwasha, chomoa plagi, tia matone ya oili kwenye kila silinda na uzungushe stata hadi geji ya presha ya oili inyanyuke. Rudisha plagi, washa, liache lipate moto. Kisha jaribu breki mara kadhaa ukiwa bado uani, kabla hujaingia barabarani.